Yule mama wa kwenye filamu alikufa

Jumanne, jioni inaanza. Mvua ilikatika mchana, lakini mawingu bado yamekaa juu ya milima, na mto Mulongwe unapita nyuma ya nyumba ukiwa mwekundu kwa udongo. Simu nimeilaza mezani, kioo juu. Kila baada ya mstari mmoja naitazama. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitarudi hospitali, na hospitali wameniambia nisirudi mpaka niitwe.

Shajara yangu, leo nina jambo moja tu kifuani, nalo lilianzia kwenye filamu mbovu.

Kwa wanaosoma shajara hii mtandaoni mara ya kwanza, mimi ni Bahati na kazi yangu ni kutafsiri. Jumatatu hadi Jumamosi niko hospitalini, namtafsiria daktari mgeni, mama mpasuaji anayejua Kiingereza tu na ambaye Kiswahili chake bado kinaishia kwenye “jambo” na “pole”. Jumapili mchana niko kwenye ukumbi wa video wa Baba Sifa, hapa hapa Mulongwe, Uvira. Nashika maikrofoni, napunguza sauti ya filamu, nawaeleza watu kwa Kiswahili chetu kila kinachosemwa. Kiingereza nilikisomea ili niwe mwalimu. Ualimu haukunitaka, basi naishi kwa midomo ya watu wengine.

Hospitalini natakiwa kusema kilichosemwa, basi. Ukumbini ukisema kilichosemwa tu, watu wanakuzomea. Mtafsiri wa video asiyetia chumvi ni kama mchuzi wa wagonjwa. Mwizi kwenye filamu akifungua mdomo kusema “twende”, mimi namfanya aseme, “Twende, hawa jamaa wasitukamate tena kama siku ile mpakani Kavimvira!” Watu wanacheka, wanapigana mabega, wiki inaanza vizuri.

Miaka yote niliamini kwamba kazi hizi mbili hazijuani.

Jumapili Baba Sifa alileta filamu mpya. Alikuwa ameitangaza kwa spika wiki nzima: shujaa mwenye nguvu za ajabu, na huyo shujaa ni mnyonya damu! Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakalia matofali. Kuna mkulima mmoja alitoka Luberizi na buti zake za mpira, matope ya shamba la mpunga yamekaukia kwenye visigino.

Jamani, tulionewa.

Mtu anashuka mgodini, anaumwa na kitu gizani, anaota meno, anapata nguvu za kusimamisha treni. Vizuri. Tukangoja asimamishe treni. Treni haikuja. Akanunua koti refu jekundu, akapanda juu ya jengo refu, akakaa. Akashuka. Akazungumza na picha ya marehemu baba yake. Akapanda tena. Mkubwa wa wanyonya damu akamteka mama wa shujaa, akamfungia ndani, na shujaa wetu bado anazungumza na picha. Nilitia chumvi mpaka koo likakauka. Nilimpa yule mkubwa wa wanyonya damu kizuizi chake mwenyewe barabarani, nikamfanya adai magari yote ya kwenda Bukavu yaache kitu. Watu walicheka kidogo, nadhani kwa kunihurumia.

Karibu na mwisho, shujaa anavunja mlango. Anamkuta mama yake ameshaumwa, meno yameanza kuota. Mama anajua kitakachofuata: usiku ukifika atakuwa mnyama wa kunyonya watu. Anamwomba mwanawe afungue dirisha, jua limmalize kabla hajamdhuru mtu. Anasema, “Fungua, mwanangu. Naogopa, lakini fungua.”

Ni mahali pekee pazuri katika filamu nzima. Na ni pale nilipodanganya.

Niseme kwa nini. Upande wa mlango ukumbi wetu hauna ukuta, una turubai, na Jumapili turubai lilikunjwa kwa ajili ya joto. Nje, karibu kabisa, Mama Zawadi alikuwa anakaanga maandazi kama kawaida yake. (Jina lake si hilo, wala la binti yake si Zawadi. Nimeyabadilisha.) Zawadi ndiye yule msichana wa mstari wa mbele anayecheka kabla ya wengine wote. Jumapili hii hakuwepo. Pikipiki ilikuwa imemwangusha kwenye barabara ya Luberizi, mguu ukapondwa, wakampeleka Runingu kwa mfungaji wa mifupa, akamfunga kwa miti. Walipomleta kwetu hospitalini, jeraha lilikuwa limeoza. Jumamosi nilisimama pale daktari alipofungua kitambaa. Hakusema kitu cha kutafsiri, lakini nilimwona usoni.

Shangazi yake Zawadi alibaki hospitalini, mama akarudi kwenye maandazi, maana nyumbani wengine wanakula. Sasa nikiwa na maikrofoni mdomoni nikamwona. Kijiko chake cha matundu kimesimama hewani, mafuta yanachuruzika, andazi linaungua na yeye halioni. Anasikiliza sauti yangu. Ndani, mama wa filamu anafungua mdomo.

Nikasema, “Fungua dirisha, mwanangu, nipate hewa. Nitapona tu.”

Mwanga mweupe ukajaa kwenye televisheni. Halafu shujaa yuko peke yake juu ya jengo, koti linapepea, na majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Kwa Baba Sifa kuna desturi. Turubai hata likiwa wazi, hakuna anayetoka mpaka filamu ihukumiwe. Anasimama mbele, mikono nyuma, anauliza, “Irudi ao isirudi?” Kila mwenye neno anatupa lake. Filamu ikihukumiwa vibaya haionyeshwi tena, hata angeisifu nani.

Jumapili hukumu ilikuwa ya moto. Fundi cherehani alisema aliyeigiza vizuri ni koti peke yake. Mwalimu wa kwaya akasema shetani mwenyewe angeomba jina lake litolewe. Mwingine akauliza ni shujaa gani anaogopa jua, angeletwa Uvira kiangazi angekwisha kabla ya chai. Yule mkulima wa Luberizi alisimama kabisa.

“Minye naachia ndege mupunga yangu,” alisema, “nakuja kuona muntu mukubwa analia na meno sawa ya panya!”

Nilicheka na wenzangu. Lawama ilikuwa inakwenda kwa wazungu huko mbali na mimi nilikuwa salama. Ndipo mtu wa nyuma akauliza, “Na mama yake? Alisema atapona. Alienda wapi?”

Watu wakaanza kujadiliana. Kweli, mama yuko wapi? Wengine wakasema hilo ndilo linaonyesha filamu ni mbovu, inasahau hata watu wake. Ningeweza kusema palepale, nikanyamaza.

Pasi hakunyamaza. Pasi ni dereva wa pikipiki, anavuka kwenda Bujumbura kila mara, na kule alikuwa ameshaiona filamu hiyo ikiwa na maandishi ya Kifaransa chini. Alisimama kwenye tofali lake.

“Ule mama alikufa,” alisema. “Alisema anaogopa, akakufa. Hii Bahati njo alitubadilishia.”

Kelele zilizofuata sitaziandika zote. Kutia chumvi wananiruhusu. Kumfufua maiti, hapana. Mwanamke mmoja aliuliza, hata hakupaza sauti, ni filamu ngapi nimewafanyia hivyo. Na nilimwelewa. Katika mji wetu habari moja ya vita asubuhi inatosha watu wafunge magodoro na kuukimbilia mpaka. Mtu anakimbia ao anabaki kwa kutegemea neno la mwenzake. Mtu ambaye hujui lini anasema kweli unamwogopa, hata kama anachekesha.

Baba Sifa alinitoa maikrofoni mkononi polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Nilipotoka nje, Mama Zawadi alikuwa anapanga maandazi kwenye beseni. Alikuwa amesikia yote. Hakuniangalia.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Nililala vibaya, nikajiambia itapita, watu watapata filamu nyingine ya kugombania. Jana daktari alikuwa bado anangojea dawa zifanye kazi.

Leo asubuhi daktari aliniita kwenye chumba cha wanawake.

Zawadi alikuwa amelala, midomo imekauka kwa homa. Mama yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika ule mguu mzima, usio na jeraha. Kwa kawaida daktari anakata maneno yake vipande vifupi ili nimfuate. Leo hakukata. Alisema mguu umekufa, sumu imeanza kuingia kwenye damu, lazima wakate juu ya goti, na iwe leo. Wakingoja kesho, Zawadi atakufa. Halafu akasema kwamba hata wakikata, hawezi kuahidi.

Nikamgeukia mama. Nikaona macho yake. Mdomo wangu ukafanya kazi bila kuniuliza.

“Mama, dokta anasema mguu iko na shida kubwa. Wanataka kumufanyia operesheni leo, wamusaidie.”

Mama alimtazama daktari, kisha mimi.

“Dokta amesema maneno mingi,” alisema. “Weye umesema mbili.”

Daktari akaniuliza kama amekubali.

Mama Zawadi akamgeukia muuguzi wa zamu. “Minye sitaki huyu. Munitafutie mwingine. Huyu anasemaka muntu atapona, na muntu iko nakufa.”

Mwingine hakuna. Muuguzi anajua Kifaransa na daktari hajui, na daktari anajua Kiingereza na hapo chumbani anakijua nani zaidi yangu? Muuguzi alimweleza hivyo. Akajaribu kumweleza na habari ya mguu, lakini na yeye alikuwa anakisia tu, na mama akasikia kwamba anakisia. Baba yake Zawadi yuko Kalemie, simu yake haipatikani. Hakuna wa kuulizwa.

“Basi narudia naye Runingu,” mama akasema. “Kule nasikiaka kwa masikio yangu.”

Akaanza kukunja kitenge alichokuwa amemfunika binti yake.

Daktari alielewa kile kitenge bila tafsiri. Akaanza kusema haraka, sauti inapanda, mkono umeelekezwa kwenye mguu. Kadiri alivyopandisha sauti, mama alizidi kukunja. Wagonjwa wa vitanda vingine wakainuka kwenye viwiko. Shangazi akaanza kufunga sufuria kwenye gunia. Nilijua kabisa kitakachotokea: watatoka getini, watapata pikipiki, na Zawadi hatafika kesho kutwa. Na atakuwa amekufa kwa sababu ya sauti yangu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na nimeishi Uvira maisha yangu yote.

“Bahati,” muuguzi akasema, “fanya kitu.”

Nilikaa chini kwenye sakafu, mbele ya miguu ya Mama Zawadi. Sikuwa na mpango wowote.

“Mama, nimekukosea. Kuna maneno dokta amesema, nimekuficha.”

Alikunja pindo moja zaidi. Kisha mikono ikasimama.

“Ule mama wa mu filme,” alisema. “Alikufa?”

“Alikufa, mama.”

“Mutoto wake alimuona?”

“Alimuona. Yeye njo alifungua dirisha.”

“Alisema nini, ule mama? Neno yake yeye. Siyo yako.”

Sijawahi kutafsiri sentensi ngumu kama ile, na nilikuwa naikumbuka yote.

“Alisema, fungua, mwanangu. Naogopa, lakini fungua.”

“Na weye ulisema atapona juu ya nini?”

“Juu nilikuona pale inje, mama. Ulikuwa unasikiliza.”

Nilidhani atalia. Hakulia. Alikasirika, hasira ya mama kwa mtoto mjinga, na kwa namna fulani hasira hiyo ilinipa nafasi ya kupumua.

“Ulinihurumia,” alisema. “Sasa huruma yako iko inataka kuniulia mutoto. Anza tena. Sema yote. Na usiniangalie na hii macho ya kilio.”

Nikamwomba daktari arudie, kipande kwa kipande. Akakaa kwenye kitanda cha jirani, akarudia. Aliposema umekufa, nilisema umekufa. Aliposema kukata, nilisema kukata. Alionyesha mahali kwenye mguu wake mwenyewe, juu ya goti, nami nikaonyesha kwenye wangu. Aliposema akingoja atakufa, nilisema atakufa, na nilimwangalia mama bila kuinamisha kichwa.

Halafu likaja lile la mwisho, kwamba hawezi kuahidi. Hapo nilitamani sana kuongeza “lakini Mungu yupo.” Hapa kwetu kila mtu huongeza hivyo, hata wauguzi, na si uongo. Ila daktari hakulisema. Nililiacha.

Mama Zawadi alilisema mwenyewe. “Mungu iko,” alisema taratibu, na nikalitafsiri hilo kwa daktari.

Akafikiri. Shangazi alikuwa amesimama na gunia lake, hajui alitue ao alibebe. Kisha mama akasema wakate, lakini kwanza Zawadi asikie mwenyewe, maana mguu ni wake.

Akamwamsha kwa kumpangusa uso. Msichana alifumbua macho, akaniona, na nadhani kwa homa ile alifikiri ni Jumapili, kwa sababu alitabasamu. Daktari akainama akasema yote tena. Nikayasema yote tena. Tabasamu likafutika.

“Nitapona?” aliniuliza. Mimi, siyo daktari.

Nilimpelekea daktari swali lake. Daktari akatikisa kichwa, akasema maneno machache.

“Anasema hajui,” nikamwambia Zawadi. “Anasema atafanya yote anayojua kufanya, na hajui.”

Alitazama dari. Halafu akauliza jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa tayari nalo: mguu wataupeleka wapi? Nilimtafsiria daktari, na daktari alimwangalia muuguzi, na muuguzi akasema familia ikitaka inapewa.

“Tutauzika kwetu,” mama yake akasema. “Hautatupwa.”

Zawadi akasema sawa. Wakamchukua.

Mama Zawadi hakunishukuru, na angenishukuru ningeona haya. Aliniambia tu, “Nenda ukule.” Muuguzi akaniambia nikae nyumbani, wakinihitaji watapiga. Sijala. Nimekaa hapa namsikiliza jirani akigombana na mbuzi wake, na kila kelele nadhani ni simu.

Nimewafikiria sana wale watu wa Jumapili. Waliichukia filamu ile kwa moyo wote, walisema isirudi kamwe, na bado walitaka kujua mama alikwenda wapi. Mimi nilidhani watu wakishakatishwa tamaa na hadithi hawajali tena nini ni kweli ndani yake. Sijui nilitoa wapi wazo hilo. Nadhani nilikuwa najihurumia mimi mwenyewe kuliko kumhurumia Mama Zawadi, kwa sababu mimi ndiye nisingeweza kuendelea kumwona akisikiliza, na kama ningesema ukweli pale ukumbini labda leo asubuhi

Simu imeita. Ni muuguzi.

Zawadi ametoka chumba cha upasuaji. Daktari yuko kando ya kitanda na anataka kusema jambo, lakini Mama Zawadi amemshika mkono na hamruhusu aanze. Amesema waje waniite kwanza.

Nimemuuliza muuguzi ni habari gani. Amesema na yeye hajui, daktari hasomeki usoni. Nimemuuliza kama Zawadi ameamka. Amesema, “Bahati, kuja tu.”

Natafuta viatu. Mvua imeanza tena. Kuna neno linaningoja huko na sijui ni lipi, na njia nzima nitawaza kulitia sukari, najijua. Nikifika nitalisema kama lilivyo.